Raia au Mgeni

Jumapili Anguyo alinitumia sauti yake kutoka Bergen,
dakika nne na ushee, maneno yakigombana na upepo.
Ilikuwa siku yake ya mapumziko, basi lake lina dereva mwingine,
akaamua kuuona mji anaouzunguka miaka sita bila kuutazama:
nyumba za mbao zimebanana bandarini, nyekundu, njano,
zimeinamiana kama watu wanaosengenya;
akanunua glavu za sufu kwa bei ya mbuzi jike,
akanywa supu ya samaki kando ya dirisha,
na mvua, alisema, inanyesha kama inalipwa mshahara.
Kisha akauliza: "Na Jinja, mama, ikoje siku hizi?"

Nikabaki na simu mkononi.
Jinja ninayoijua ni njia moja:
nyumbani Walukuba, geti la kiwanda, sokoni, nyumbani.
Miaka thelathini na mmoja nilifuma nguo katika mji huu
na mto wake nausikia kwa wageni.

Jumanne nikavaa viatu vya kanisani,
nikamgongea Nangobi. "Twende."
"Tunamzika nani?"
"Hatuziki mtu. Tunatembea tu."
Akanitazama kama noti ya bandia.

Tulianza Barabara Kuu, shingo juu,
tukisoma miaka iliyochongwa juu ya maduka,
1928, 1931,
na majina ya Wahindi yaliyopakwa rangi mara nne
yakachomoza tena kama jino la mtoto.
Chini yake wanauza vocha na magodoro.
"Kumbe nyumba hizi zina vichwa," akasema Nangobi.

Dukani kijana alinikunjulia kitenge:
"Pamba tupu, mama. Pamba asilia."
Nikakifikicha kati ya gumba na shahada.
Pamba haitelezi hivyo, mwanangu.
Hiki kilikuwa chupa ya soda kabla hakijawa nguo.
Akacheka, akapunguza bei. Sikununua.
Nilinunua kofia ya ukili, pana kama ungo,
ya kuvaliwa na watu wasio na la kufanya.

Bustanini, pale mto unapoanza,
msichana wa tikiti hakuinua macho:
"Raia au mgeni?"

Swali dogo. Likanikwama.
Hapa naitwa mtu wa Arua mpaka leo.
Nikienda Arua, watoto wa kaka yangu
wananifutia vumbi kiti cha wageni.
"Andika mgeni."
"Mgeni analipa mara tano, mama."
"Basi andika raia," nikasema mbiombio,
na Nangobi akacheka hadi akashika uzio.

Mto hauna zile kelele nilizozitarajia.
Unaondoka tu, kama mtu aliyekwisha kuaga.
Mnandi mmoja alipiga mbizi, nikahesabu, nikachoka kuhesabu,
akaibukia mahali ambapo sikuwa nimetazama.

Tulipokaa kula, bei tulizisoma kwa kunong'ona.
Sato wawili wa kukaanga, mchuzi wa nyanya, ndimu.
Mhudumu akatandika kitambaa cheupe kilichochakaa
na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye pindo:
uzi wa samawati, mmoja,
vidole viwili kutoka ukingoni.
Hivyo ndivyo tulivyouingiza zamu ya usiku,
mimi, Nangobi, na marehemu Candiru aliyekuwa akisinzia wima.
Huenda ni chetu. Viwanda vilikuwa vingi,
na samawati haina mwenyewe.
Nangobi aliona ninachokishika, akanyamaza.
Tulikula polepole, tusimwage mchuzi.

Kabla ya kuondoka niliinyoosha simu juu ya maji,
nikarekodi nusu dakika bila kusema neno,
nikaituma Bergen.

Nafika Walukuba, kofia ingali kichwani,
majirani wanauliza harusi ilikuwa ya nani,
jibu limeshafika:

"Mama, hata huko mvua?"